Zima Picha Wakutazame: Zana za Mwasilishaji na Matumizi Yake Mbele ya Watu

Karibuni. Skrini iliyo nyuma yangu ni nyeusi, na naona wawili watatu wanaitazama projekta kwa wasiwasi. Haijaharibika. Slaidi zipo, nimezizima kwa herufi B ya kibodi, na nikiibonyeza tena zitarudi palepale zilipokuwa. Nimeanza na giza kwa makusudi, kwa sababu katika zana zote ambazo programu za slaidi humpa mwasilishaji, hii ndiyo nyepesi kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Macho hayana pazia. Ukiweka maandishi mbele ya watu watayasoma, utake usitake, na wakati wanasoma hawakusikii. Kwa hiyo mtu akiuliza swali, au ukifika mahali pa kueleza jambo ambalo halimo kwenye slaidi, bonyeza B, ongea, kisha bonyeza B tena uendelee. Inafanya kazi kwenye PowerPoint, Google Slides, Impress ya LibreOffice na Keynote ya Apple. Herufi W kwenye PowerPoint na Google Slides inafanya skrini iwe nyeupe. Wengi hawaioni faida yake, lakini kama projekta inamulika ubao mweupe wa kuandikia, W inakupa ubao safi wenye mwanga, ukachora kwa kalamu yako ya kawaida bila maandishi ya slaidi kukuingilia.

Sasa tuingie kwenye chombo kikuu, yaani mwonekano wa mwasilishaji. Hadhira inaona slaidi peke yake. Wewe kwenye kompyuta yako unaona slaidi ya sasa, slaidi inayofuata, vidokezo vyako, saa, na kipima muda. Faida kubwa hapa ni ile slaidi inayofuata. Ukijua kinachokuja, unamalizia sentensi yako kuelekea huko, badala ya kubonyeza kwanza, kugeuka nyuma, kusoma, halafu kusema "ee, na hapa sasa..."

Tatizo linalowakwamisha watu wengi halimo hata ndani ya programu ya slaidi. Unachomeka waya wa projekta, unaanza onyesho, na skrini zote mbili zinaonyesha kitu kilekile. Kompyuta imeakisi skrini, haijaipanua. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague "Extend" badala ya "Duplicate". Kisha kwenye PowerPoint fungua sehemu ya Slide Show na uhakikishe kisanduku cha "Use Presenter View" kina alama ya vema. Anzisha kwa F5, au Shift na F5 kama unataka kuanzia slaidi uliyopo. Wakati mwingine mambo yanageuka: vidokezo vyako vinatokea ukutani, watu wakasoma "usisahau kutabasamu", na slaidi inabaki kwako. Usifunge onyesho kwa hofu. Juu ya mwonekano wa mwasilishaji kuna kitufe cha "Display Settings", na humo mna chaguo la kubadilishana skrini. Kwenye Keynote ni herufi X tu.

Huna projekta nyumbani pa kufanyia mazoezi? Kwenye PowerPoint ya Windows, Alt na F5 hufungua mwonekano wa mwasilishaji hata kwa skrini moja. Google Slides ina utaratibu wake: mwonekano huo hufunguka kama dirisha tofauti, kwa hiyo kivinjari chako kikizuia madirisha ibukizi (pop-up) hutaona kitu. Likifunguka, ni wewe wa kulibakiza kwenye kompyuta na kulipeleka lile la slaidi kwenye projekta.

Kuhusu vidokezo: msiandike hotuba nzima mle. Mshika mawili moja humponyoka, na anayesoma aya ndefu kwenye kompyuta amewaacha watu wake. Andikeni maneno machache, tarakimu zisizokaririka, na sentensi ya kuvukia slaidi ijayo. Chini ya vidokezo vya PowerPoint kuna vitufe vya kukuza na kupunguza maandishi. Vikuze mpaka uweze kuvisoma ukiwa umesimama hatua mbili kutoka mezani.

Kipima muda kina hila yake. Kinaanza kuhesabu pale onyesho linapoanza, wala hakijui wewe umeanza kusema lini. Ukiweka slaidi ya kichwa cha mada dakika kumi mapema watu wakiingia, utaanza kuzungumza huku tayari umeshatumia dakika kumi. Kuna kitufe cha kukirudisha sifuri. Kibonyezeni mnaposema neno la kwanza.

Jambo ambalo mimi naliona ndilo linalotofautisha mhadhara na kanda iliyorekodiwa ni uwezo wa kuruka. Hadhira ikikuuliza kitu ambacho kiko slaidi ya 23 na wewe uko ya 9, usipitie kumi na nne mbele ya macho yao. Andika 23, bonyeza Enter. Basi. Inafanya kazi PowerPoint, Google Slides na Impress. Kwa hiyo chapeni orodha fupi ya namba na mada kwenye karatasi, iwekeni kando ya kompyuta. Kama hukumbuki namba, PowerPoint inakuonyesha slaidi zote kwa picha ndogo ukibonyeza G, na hadhira haioni unavyotafuta, mradi mwonekano wa mwasilishaji umewaka.

Hapo ndipo slaidi zilizofichwa zinapokuwa na maana. Tengeneza jedwali refu, takwimu za ziada, jibu la swali unalolitarajia, kisha zifiche kwa kubofya kulia na kuchagua kuficha. Onyesho litazipita kimya kimya. Swali likija, namba na Enter vinazifungua. Anayeuliza anaona kwamba swali lake limekuta jibu linamngoja, na hiyo kwa maoni yangu inashinda mapambo yote ya kuruka na kuzunguka.

Kuonyesha kitu kwenye slaidi. Rimoti nyingi za kuendeshea slaidi zina leza, na leza hiyo ina kasoro tatu: mkono ukitetemeka nayo inatetemeka, kwenye televisheni na skrini za LED haionekani vizuri, na wanaokufuatilia kwa video hawaioni kabisa. Leza ya ndani ya programu wanaiona wote. Kwenye PowerPoint shikilia Ctrl na kitufe cha kushoto cha kipanya, au bonyeza Ctrl na L. Kwenye Google Slides ni L peke yake. Pia PowerPoint ina kikuzio, ile alama ya lenzi: ukibofya sehemu ya grafu inajaza skrini, na Esc inakurudisha.

Kalamu ya kuchorea juu ya slaidi, kwenye PowerPoint, ni Ctrl na P. Hapa kuna mtego: kalamu ikiwa mkononi, kubofya kipanya hakusogezi slaidi tena, kunachora. Watu huhangaika wakidhani kompyuta imekwama, na slaidi inajaa vidoti. Rudisha mshale kwa Ctrl na A. E inafuta michoro yote ya slaidi hiyo. Esc nayo itumieni kwa tahadhari, maana mkiirudia mara mbili onyesho linafungwa.

Tuje kwenye maswali na kura. Google Slides ina sehemu ya zana za hadhira ndani ya mwonekano wa mwasilishaji. Ukianzisha kikao, kiungo kinatokea juu ya kila slaidi. Watu wanatuma maswali kwa simu, kwa jina au bila jina, na wenzao wanayapigia kura. Unaona lipi linawagusa wengi, unalionyesha ukutani, unalijibu. Inawasaidia sana wale ambao hawatainua mkono hata kwa dawa. Kwa kura zenye machaguo, wengi hutumia Mentimeter au Slido, ambazo watu huingia kwa namba ya kuingilia au kwa kuskani msimbo wa QR.

Msimbo huo ndio huaibisha. Kipimo cha kukadiria ni hiki: upana wa msimbo uwe walau sehemu moja ya kumi ya umbali wa anayeuskani. Aliyekaa mita 10 anahitaji msimbo wa mita 1. Picha ya projekta yenye upana wa mita 2 kwa uwiano wa 16:9 ina kimo cha mita 1.125 hivi, kwa hiyo msimbo wako unakaribia kujaza slaidi nzima kutoka juu hadi chini. Ule mdogo uliobanwa kwenye kona ni kwa ajili ya safu ya mbele tu. Uwe mweusi juu ya nyeupe, uachiwe ukingo mtupu pande zote, na namba ya kuingilia iandikwe kando yake. Kisha nyamaza, wape muda waingie. Machaguo yasizidi manne, na matokeo yafiche mpaka wamalize kupiga, la sivyo wanaochelewa kupiga watafuata wengi walikoelekea. Intaneti ikikatika, wainue mikono, uhesabu, uandike idadi kwa kalamu juu ya slaidi yenyewe. Kura ni ileile.

Mambo mawili ya mwisho yanayoharibika bila taarifa. Slaidi zikianza kujiendesha zenyewe, ujue ulihifadhi muda wakati wa mazoezi. Kwenye PowerPoint, ondoa alama kwenye "Use Timings". Na rimoti ikiacha kufanya kazi, kabla hujalaumu betri tazama dirisha lipi liko mbele. Rimoti ni kibodi ndogo tu, inatuma vitufe kwa dirisha lililo hai. Ujumbe umeibuka, umeubofya kuufunga, na sasa vitufe vinakwenda kwingine. Bofya dirisha la onyesho, lakini si juu ya kiungo. Zimeni arifa kabla ya kuanza.

Kwa wanaowasilisha kwa video: shirikini dirisha la slaidi, msishiriki skrini nzima ambayo ina vidokezo vyenu. Mwenye skrini moja, kwenye PowerPoint, afungue "Set Up Slide Show" achague onyesho liendeshwe ndani ya dirisha.

Sasa nafunga onyesho langu, na PowerPoint inaniuliza kama michoro niliyochora leo ibaki au itupwe. Ukichagua kutupa, imekwenda. Nabakiza, kwa sababu faili hii nawatumia jioni, na ile mishale kwenye slaidi ya 12 ni majibu ya maswali yenu. Nani ana swali?