Gabapentini na daku: mazungumzo baada ya Isha, Lamu

Asalaam aleikum mama zangu na baba zangu, hiyo feni izimeni kidogo nisikike. Leo ni dawa moja tu, gabapentini, ile kapsuli wengine mnapewa kwa kifafa na wengine kwa maumivu ya neva, yale yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, au sukari ikishapiga miguu mpaka usiku shuka ikigusa kidole waona kaa la moto. Si panadoli hiyo. Mara nyingi dakta anaanza na miligramu 300 alafu anapandisha polepole, na siku za kwanza kichwa kinazunguka, usingizi mzito, sasa na ngazi zetu hizi za nyumba za zamani ukiamka kwenda chooni shika ukuta tafadhali. Na mwenye figo mbovu aseme mapema, dawa hii inatoka kwa figo, zikichoka inajaa mwilini.

Sasa Ramadhani, hapa ndo naona watu wanaumia. Wengi mmeandikiwa mara 3 kwa siku, na mwenye kifafa asipitishe masaa 12 kati ya dozi na dozi, na kwetu kutoka alfajiri mpaka magharibi ni kama masaa 13. Fanya hesabu. Mjomba wangu alijifanyia yake, akaruka ya mchana, baadae akaona hata ya daku ya nini, siku ya nne akaanguka gatini, bahati maji yalikuwa yamekupwa tukamtoa matopeni. Kwenda kwa dakta ni Shaabani, sio mwezi ushaandama, akupangie upya au akubadilishie dawa au akwambie usifunge, na mgonjwa ana ruhusa yake, iko kwenye Al-Baqara, utalipa siku nyingine.

Vijana, mnaochanganya na tramadoli (msinitazame hivo, nawajua), hizo mbili pamoja na pombe zinazimisha pumzi, mtu analala haamki.

Baba wa pale nyuma ameuliza kama miguu ikipoa anaweza kuacha. Waweza, lakini sio leo kwa leo, inashushwa kidogo kidogo, wiki nzima au zaidi, na dakta ndo anaandika hiyo ratiba. Na ile dawa nyeupe ya kiungulia, ukishainywa ngoja masaa 2 ndo umeze kapsuli. Haya, mama wa buibui, uliza.