Presha, Figo na Jicho la Mwenye Kisukari

(Mhadhara uliotolewa Tabora Mjini mbele ya watu wanaoishi na kisukari na jamaa zao)

Wazee wetu, mama zetu na ndugu zangu mliotoka Isevya, Kanyenye, na nyinyi mliodamka alfajiri huko Sikonge, shikamooni, na asanteni kwa kufika.

Mama mmoja fundi cherehani, mwenye kisukari kwa miaka 12, alinijia akilalamika kwamba uzi haumpitii tena kwenye tundu la sindano. Alidhani ni mtoto wa jicho. Nilipomtia matone ya kupanua mboni na kutazama ndani, niliona kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, vidoa vyekundu vya damu, na kando yake madoa ya manjano ya mafuta yaliyovuja kutoka kwenye mishipa. Nikamsihi asiache tena vidonge vyake vya presha. Akaniuliza, "Daktari, mimi nimeleta macho, presha inaingiaje hapa?"

Swali lake lilikuwa la haki. Tumezoea kusema kwamba sukari ndiyo inayopofusha, na ni kweli sukari ndiyo chanzo, lakini haifanyi kazi hiyo peke yake. Mwili una homoni za kulinda shinikizo la damu, ndiyo hiyo presha: figo zikihisi damu inapita kwa nguvu ndogo, hutoa renini, ambayo hukata protini itokayo kwenye ini, na kile kipande kinachokatwa, baada ya kubadilishwa hasa kwenye mapafu, huwa angiotensini ya pili, homoni inayobana mishipa na kuufanya mwili ushikilie chumvi. Kwa mtu aliyepoteza damu nyingi, mfumo huu huokoa maisha.

Jambo ambalo wengi hawajaambiwa ni kwamba jicho nalo lina mfumo wake wa namna hiyo. Katika majimaji ya ndani ya macho yaliyoharibiwa sana na kisukari, watafiti walikuta kitangulizi cha renini kikiwa kimezidi. Angiotensini ikizidi kwenye retina, kuta za mishipa midogo hulegea na kuvuja, na zile seli zinazoishikilia mishipa hiyo kwa nje hufa. Sehemu zinazokosa hewa ya oksijeni hutoa kichocheo cha kuotesha mishipa mipya, na angiotensini hukizidisha kichocheo hicho. Mishipa inayoota huwa dhaifu, hupasuka, hujaza jicho damu, na makovu yake huweza kuivuta retina hadi ikabanduka.

Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofuatilia kwa miaka 5 watu 285 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao hawakuwa na presha. Waliopewa enalapril au losartan, dawa zinazozuia mfumo huu, madhara ya retina yalisonga mbele kwa wachache zaidi kuliko wasiopewa. Utafiti mkubwa wa mwaka mmoja kabla, uliotumia candesartan, dawa ya kundi moja na losartan, haukutoa jibu lililo wazi kiasi hicho, na kwa sababu hiyo simwandikii kila mwenye kisukari dawa hizi kwa ajili ya macho pekee. Lakini mwenye kisukari aliye pia na presha, akiacha vidonge kwa sababu hajisikii kuumwa, analidhuru jicho lake moja kwa moja. Hilo nalisema bila kusita.

Naomba mama zangu mnisikilize kwa makini hapa. Losartan na enalapril humdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo anayezitumia na akahisi ana mimba amwone daktari mara moja ili abadilishiwe, asingoje siku ya kliniki. Na kwa kuwa ujauzito wenyewe, pamoja na homoni zake, huweza kuharakisha ugonjwa wa retina, mama mwenye kisukari aombe kupanuliwa mboni na kuchunguzwa macho katika miezi mitatu ya mwanzo, hata kama bado anaona vizuri, kisha arudi kadiri daktari atakavyompangia hadi baada ya kujifungua.