Tope Lilirudi Usiku Ule Ule

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi, Kongo, juma moja kabla ya konje (siku za mapumziko) za Januari

Baba na mama, wakubwa wa avenyu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili kutoroka kuwe rahisi: jambo sana.

Baba Paroko amenipa dakika ishirini. Mtu aliyefundisha historia miaka thelathini ukimpa dakika ishirini, umempa muda wa kusafisha koo tu. Nitajitahidi.

Nianze na aibu yetu. Miaka michache iliyopita, Januari 17, sisi wa avenyu yetu tulisema mwaka huu hatukai bure kwenye viti mbele ya nyumba. Tulitoka asubuhi na majembe, makarai na ndoo, tukauchimbua mfereji wote toka kwa fundi wa baiskeli mpaka kwenye kisima. Mlitoka vitu humo: sandali za mguu mmoja mmoja, chupa za plastiki, tairi zima. Kufika saa sita tope lilikuwa limelundikwa kando ya barabara, limeinuka kama kaburi jipya. Tukapiga picha, tukaosha miguu, tukaenda kula bukari. Saa mbili usiku ikashuka mvua, na mvua ya Januari hapa kwetu mnaijua. Asubuhi mfereji ulikuwa umejaa kama jana yake. Kijana mmoja akasimama pale, akaangalia, akaniambia: "Mwalimu, kumbe hata tope lilikuwa na konje ya siku moja."

Nilicheka, halafu siku nzima maneno yale hayakunitoka. Watu arobaini walikuwa pale, wenye nguvu na nia njema, na hakuna aliyeuliza swali moja dogo: lori la kuzoa tope litatoka wapi, na ni kazi ya nani kulileta?

Wazee mliopo mnajua tulikojifunzia kutokuuliza. Tulijifunzia kwenye salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Neno lenyewe ni la Kilingala, lilitufikia wakati wa Rais Mobutu, na maana yake ilikuwa: toka, fagia, nyamaza. Asiyeonekana aliogopa faini. Sisemi kufagia ni kubaya. Mama yangu alifagia uwanja wetu kila alfajiri bila kuamriwa na chama chochote. Lakini salongo ilitufundisha kwamba raia mwema ni mikono tu. Mdomo ulibaki kazi ya wakubwa.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Huko Marekani, Jumatatu ya tatu ya Januari ni konje ya Martin Luther King, mpigania haki za Weusi. Aliyepeleka pendekezo la konje hiyo bungeni, mbunge John Conyers, alilipeleka siku nne tu baada ya King kuuawa mwaka 1968. Sheria ikapita mwaka 1983, miaka kumi na mitano baadaye, na konje ikaanza kusherehekewa 1986. Mwaka 1994 Bunge lao likaongeza kwamba siku hiyo iwe ya kutumikia jamii. Tangu hapo watu hutoka kupaka rangi shule, kugawa chakula, kusafisha bustani. Ni jambo zuri. Lakini mimi, kama mwalimu mkorofi, nauliza: King mwenyewe alipouawa alikuwa ameshika ufagio?

Alikuwa Memphis. Februari 1 mwaka huo wa 1968 wafanyakazi wawili wa kuzoa taka walisagwa na mashine ya lori lao wenyewe. Wenzao wapatao 1,300, karibu wote Weusi, wakagoma kuanzia Februari 12. Walitembea barabarani wamebeba mabango yenye maneno machache, ambayo kwa Kiswahili chetu ningeyaweka hivi: NA MIMI NI MTU. King alikwenda kusimama pamoja nao, na Aprili 4 akapigwa risasi kwenye baraza la hoteli. Siku kumi na mbili baadaye mji ukakubali kupatana na wagomaji. Kumbe basi King hakwenda kuwasaidia wafagiaji kufagia. Alikwenda kuuliza mbona anayeufagia mji halipwi kama mtu. Ndiyo maana konje yake ikiishia kwenye ufagio, naona nusu yake imebaki kaburini.

Msidhani hayo ni ya kwao peke yao. Desemba 1941, hapa hapa, mji ukiitwa bado Elisabethville, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waligoma kudai mshahara. Ilikuwa wakati wa vita, Wazungu walihitaji shaba, bei za vitu zilikuwa zimepanda, na mfuko wa mchimbaji ulibaki pale pale. Desemba 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa kambi ya wafanyakazi. Walikuwa na msemaji wao, karani Léonard Mpoyi. Askari wakapiga risasi. Mpoyi alikufa pale, na makumi ya wengine. Baba zetu wengi walicheza mpira katika mji huu bila mtu kuwaambia uwanja ulinywa nini. Mimi mwenyewe nilisoma habari hiyo nikiwa mtu mzima, na nilikasirika kwa wiki nzima.

Siku ile ya kutofanya kazi hakuna waziri aliyeitangaza redioni. Waliichukua wenyewe, wakailipia. Mei Mosi vilevile: nyuma yake wapo wafanyakazi wa Chicago waliogoma mwaka 1886 kudai masaa nane ya kazi kwa siku. Na Januari 4 yetu, nyuma yake wapo watu wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walioinuka kudai uhuru mwaka 1959. Ukiikwaruza konje kidogo, chini yake unakuta mtu aliyeinuka bila ruhusa.

Na wiki ijayo tuna mbili zinazofuatana. Januari 16 ni ya Mzee Laurent-Désiré Kabila, rais aliyeuawa mwaka 2001. Januari 17 ni ya Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza. Huyu, sisi wa Lubumbashi tuna deni lake la pekee. Alishushwa kwenye ndege uwanja wa Luano mwaka 1961 pamoja na wenzake Mpolo na Okito, akapigwa, na usiku ule ule wakauawa wote watatu porini, Shilatembo. Kilichobaki cha mwili wake ni jino, lililorudishwa na Ubelgiji mwaka 2022, likapita hapa kwetu kabla ya kuzikwa Kinshasa. Siku ya mtu kama huyo tunaitumiaje? Wengine tunalala. Wengine tunafua. Siwalaumu, nguo hazijifui.

Ninachoomba ni masaa matatu. Nitawaambia tuliyafanyia nini mwaka uliofuata ule wa tope.

Asubuhi tulichimba mfereji kama kawaida. Mchana hatukuenda nyumbani, tulikaa chini ya muembe na kitabu cha Katiba. Katiba yetu ya Februari 18, 2006, kifungu cha 27, inasema kila Mkongomani, peke yake au na wenzake, ana haki ya kuandikia mamlaka ya serikali ombi, na mamlaka hiyo inalijibu ndani ya miezi mitatu. Na inasema tena kwamba hakuna atakayeshitakiwa kwa kufanya hivyo. Nililisoma kwa Kifaransa, tukalitafsiri pamoja neno kwa neno. Baba mmoja, mchimbaji mstaafu, akaniomba nirudie pale penye miezi mitatu. Nikarudia. Akasema: "Miaka sabini niko hai, sijaambiwa wakubwa wana tarehe ya kujibu."

Halafu mama mmoja muuza makala, yaani makaa ya kupikia, akainuka, akaenda kwake, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vikaratasi vya kodi ya soko, vyote, vimekunjwa, toka miaka mitano. Alivitunza kwa sababu hakumwamini yeyote. Wengine nao wakakumbuka, wakaenda kuchungulia chini ya magodoro. Jioni tulikuwa na hesabu: avenyu moja imelipa kiasi gani, na imepata lori mara ngapi. Lori: mara sifuri.

Kwenye konje ofisi zimefungwa, najua. Ndiyo uzuri wake: huwezi kusukumwa toka dirisha hili mpaka lile, unabaki na muda wa kuandika vizuri. Barua tuliipeleka kesho yake, nakala mbili, na ya kwetu ikapigwa mhuri wa kupokelewa. Msikubali kuondoka bila mhuri. Bila mhuri miezi mitatu haina pa kuanzia.

Tulijibiwa? Ofisi ile siitaji. Miezi mitatu ilipita kimya. Tukaandika tena, tukitaja tarehe ya mhuri. Mwezi wa tano likaja lori, moja, mara moja, na kijana wa ofisini akauliza nani aliyetufundisha kifungu cha 27. Wote tukaangalia pembeni. Jibu la maandishi hatujalipata mpaka leo, na barua ya tatu iko tayari.

Mtu ataniambia: mwalimu, hiyo ni kazi kubwa kwa lori moja. Kweli. Lakini tangu siku ile hakuna anayetupa karatasi ya kodi kwenye avenyu yetu. Na vijana wameanza kuuliza kubwa zaidi. Sheria ya madini ya 2018 inasema katika kila mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, asilimia 15 ni ya serikali ya eneo lenye mgodi. Kijana mmoja ameniletea swali hilo limeandikwa kwenye daftari la hesabu: zinafika wapi? Sikuwa na jibu, nikamwambia aliweke kwenye barua ya tatu.

Basi, Januari 17, saa moja na nusu asubuhi, kwa fundi wa baiskeli. Mje na mabuti, jembe, na vikaratasi vyenu vya kodi ndani ya mfuko wa plastiki, mvua isivione. Mkongwe mmoja aliyekuwa kambini amekubali kuja kutueleza aliyosimuliwa na baba yake kuhusu 1941. Mleteeni kiti chenye mgongo.

Naona mikono. Mama wa makala, wewe kwanza, maana najua utanisahihisha kuhusu lile kopo.