Hawapigani, na Hawalipwi: Siku Yangu ya Kwanza Kwenye Rola Dabi

Ndugu watazamaji, salaam. Tangu niweke ile video fupi ya wanawake wenye helmeti na viatu vya magurudumu wakicheza rola dabi, mchezo wa kupitana na kuzuiana uwanjani, mnaniuliza jambo lile lile: je, wanapigana kweli, na wanalipwa kiasi gani? Ninajibu leo, nikijua wazi kwamba yupo atakayesema ninaringa na yupo atakayesema ninalalamika. Tiketi niliilipa kwa jasho langu, nayo ilinitesa kabla sijaketi, kwa sababu mfumo wa malipo ulikubali majina mawili ilhali kadi yangu ina matatu, nikakatwa fedha mara mbili, na kurudishiwa malipo ya ziada kukanigharimu wiki tatu za kuandikiana barua pepe na watu wasiosoma wanachoandikiwa. Hayo tuyaache.

Wengi wenu mlisikia neno dabi mkadhani ni watani wa jadi wa soka. Kosa hilo nililifanya hata mimi, kwani kipindi kizima cha kwanza, dakika 30, nilikuwa nikitafuta mpira. Mpira haupo. Mpira ni mtu: kila timu huingiza wachezaji watano, na mmoja wao huvaa kifuniko chenye nyota juu ya helmeti, kazi yake ikiwa kupenya katikati ya wazuiaji, kuzunguka uwanja, na kurudi kuwapita tena. Safari ya kwanza haina pointi; kuanzia ya pili, kila mpinzani anayepitwa kihalali ni pointi moja. Mzunguko mmoja wa mchezo, yaani raundi, hauzidi dakika mbili, kisha zinafuata sekunde 30 za kujipanga, ambazo mimi nilizitumia kumsumbua mama mmoja aliyeketi kando yangu kwa maswali.

Kuhusu kupigana, ninaelewa mnakoitoa hoja hiyo, maana rola dabi ya zamani, iliyoanzia Chicago mwaka 1935, baadaye iligeuka kuwa burudani ya televisheni yenye maigizo mengi. Hii ya sasa, iliyofufuliwa Austin, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni mashindano halisi yenye waamuzi wengi kupita nilivyotarajia. Kumsukuma mwenzako kwa bega au nyonga kunaruhusiwa. Kumpiga mgongoni, kichwani au kwa kiwiko ni kosa, na mkosaji huketi nje sekunde 30. Akifikisha makosa saba, mchezo wake umekwisha.

Kilichonifungua macho kilitokea kipindi cha pili. Mwenye nyota wa timu moja alitangulia kupenya bila kosa, na hiyo humpa haki ya kuukatisha mzunguko wakati wowote. Alizoa pointi nne, akageuka, akamwona mwenye nyota wa upande wa pili akiwa amebakiza hatua chache kuanza kuvuna zake, na papo hapo akajigonga nyonga kwa mikono miwili, ishara ya kuukatisha, filimbi zikalia, mzunguko ukaisha. Nilisimama nikapiga kelele peke yangu. Yule mama alicheka, akaniambia kwamba sasa nimeanza kutazama.

Ama kuhusu fedha, samahanini kwa kuwavunja moyo. Wachezaji wale hulipa ada kwa timu zao na kujinunulia viatu na vikinga vya magoti. Wasije wakanitumia tena ujumbe wale wanaotaka niwatafutie nafasi ya kucheza wakidhani ni ajira. Mwenye kutaka kujifunza ajiandae kutia saini fomu ya kukubali kwamba akiumia hatamdai mtu, aisome yote, kisha aamue mwenyewe, kwa kuwa mwili ni wake na mfuko ni wake. Kuhusu mtazamaji kukaa sakafuni karibu na mstari wa uwanja, mimi siwezi kumshauri mtu akae hapo. Niliona mchezaji akiteleza hadi kwenye miguu ya watazamaji.

Mchezo ulipokwisha nilidhani wataondoka kama mastaa. Badala yake, wale wale waliokuwa wakitoka jasho walipiga magoti na kuanza kubandua utepe uliochora uwanja, na kuitoa kamba nyembamba iliyolazwa chini yake ili mchezaji auhisi mstari kwa magurudumu bila kuutazama, kwa sababu ukumbi ulikuwa wa kukodi na saa zao zilikuwa zinakwisha. Mwenye nyota alinipa ncha moja ya utepe, akaniomba nivute taratibu usikatike.