Ndoo Mbili za Pilipili: Mhadhara kuhusu Kilimo cha Roshani

Asanteni kwa kufika. Nitaanza na hizi ndoo mbili hapa mezani. Mbegu zake zilitoka kwenye tunda moja na nikazisia siku moja. Ndoo zina ukubwa mmoja, lita 15 kila moja, na zimekaa kwenye roshani moja, bega kwa bega. Mpilipili wa kushoto majani yake yamesimama. Wa kulia yamelegea, yananing'inia kama nguo mbichi kambani.

Upi una kiu?

Naona karibu wote mmeonyesha wa kulia. Mama hapo mbele, nakuomba usogee utie kidole kwenye udongo wake. Kisukume kabisa. Haya, waonyeshe wenzako. Kidole kimezama mpaka pingili ya pili na kimetoka na tope. Mmea huu unanyauka huku umesimama majini.

Mizizi hupumua. Inahitaji oksijeni iliyomo katika nafasi ndogondogo kati ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji muda mrefu, mizizi inakosa hewa, inashindwa kunyonya, kisha inaanza kuoza. Juu, jani haliletewi maji, kwa hiyo linalegea sawasawa na jani lenye kiu. Mwenye mmea anamwonea huruma mgonjwa wake, anachota kopo lingine, anamwagia. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda miche 12, nikapoteza 9 kwa namna hiyo hiyo, na kila mmoja niliuonea huruma mpaka siku ya mwisho. Ndiyo maana leo nataka tukae sana kwenye maji na mizizi, hayo mengine tutayapitia haraka.

Shambani, maji yakizidi yanashuka. Kuna udongo chini ya udongo, unayavuta. Kwenye ndoo, safari inaishia kwenye kitako. Hata ukiwa umetoboa matundu mazuri, chini kabisa hubaki tabaka lililojaa maji ambalo halidondoki. Sponji hii ya kuoshea vyombo itatuonyesha. Nimeilowesha, nimeilaza kwenye kiganja, tusubiri iache kudondosha. Imeacha. Sasa naisimamisha kwa upande wake mfupi. Mnaona? Maji yanatoka tena, na sijaikamua.

Maji yanayong'ang'ania chini yana kina chake, na kina hicho kinategemea vitundu vya sponji, si urefu wake. Ikilala, kina hicho kinakuwa karibu sponji yote. Ikisimama, ni kipande cha chini tu, na juu kunabaki hewa. Ndoo ni hivyo hivyo. Beseni pana lenye kina kifupi linaweza kubeba udongo mwingi, lakini sehemu kubwa ya udongo huo ni tope. Mpilipili unataka chombo chenye kina cha sentimita 30 hivi au zaidi. Kwa aina fupi lita 10 zinatosha. Kwa aina zinazotanuka, nenda lita 15 hadi 20.

Hapa lazima niseme kuhusu kokoto, kwa sababu ushauri huu umeenea sana na unaua mimea. Watu wanaambiwa waweke kokoto chini ya ndoo ili maji yapite vizuri. Maji hayatoki kwa urahisi kwenye udongo wa chembe ndogo kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto. Yanasubiri mpaka udongo wa juu yake ujae pomoni. Kwa hiyo lile tabaka la tope halijaondoka. Umelipandisha, ukalisogeza karibu na mizizi, na umeipunguzia mizizi nafasi. Acheni kokoto. Toboeni matundu sita au manane ya upana wa kidole kidogo, mengine chini, mengine ubavuni karibu na kitako, na muinue ndoo juu ya vipande vya mbao ili matundu yasizibwe na sakafu.

Udongo wa bustani, hata ule mweusi mzuri, msiutumie peke yake. Shambani una minyoo na mizizi ya kila aina inayoutifua. Kwenye ndoo, baada ya miezi miwili ya kumwagiliwa, unashikamana kama tofali. Mimi nachanganya sehemu mbili za unga wa makumbi ya nazi, sehemu moja ya mboji iliyooza mpaka haina harufu, na sehemu moja ya perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkeno, au mchanga mkubwa uliooshwa. Mchanga ni mzito, na kwenye roshani uzito ni jambo la kufikiriwa. Kamata gao la mchanganyiko uliolowa, ufinye, kisha uuguse kwa kidole. Ukisambaratika, uko tayari. Ukibaki donge, ongeza perlaiti.

Sasa, mara ngapi kwa wiki? Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na siwezi kulijibu kwa siku. Mche mdogo kwenye ndoo kubwa unaweza kukaa siku tano bila kuhitaji tone. Mpilipili huo huo ukishakomaa, umejaa matunda, jua kali na upepo wa ghorofani unaupiga, unaweza kutaka maji asubuhi na jioni. Atakayekupa ratiba hajaiona roshani yako.

Ninachofanya ni kunyanyua. Nikimwagilia, namwaga taratibu mpaka maji yatoke chini, nasubiri nusu saa, kisha nainyanyua ndoo kidogo kutoka sakafuni. Huo ni uzito wa shibe. Mkono unaukumbuka. Kila asubuhi naijaribu tena, na kama ni nzito mno naiinamisha upande mmoja tu. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo tofauti kati ya ndoo iliyoshiba na yenye kiu ni kilo kadhaa, si jambo la kubahatisha. Ikinijia nyepesi, namwagilia. Ikiwa bado nzito, naondoka, hata kama majani ya saa nane mchana yamelegea. Jani kulegea mchana wa jua kali na kusimama tena jioni ni kawaida; mmea unajikinga. Anayenitia wasiwasi ni yule anayeamka asubuhi akiwa amelegea.

Kwa kuwa tumetaja uzito: ndoo ya lita 20 iliyomwagiliwa inaweza kuzidi kilo 20. Ndoo kumi ni mzigo mkubwa. Zipange karibu na ukuta wa jengo, msizirundike ukingoni, na kama ni jengo la kupanga, uliza kabla ya kujaza roshani nzima. Wala usiweke chungu juu ya reli, hata cha ua dogo. Chini kuna watu wanapita.

Jua mpilipili unalitaka, saa sita au nane za jua la moja kwa moja kwa siku. Ila roshani ina jua la aina mbili: la angani na la ukutani. Ukuta wa zege unakula joto mchana kutwa na kulitema usiku. Mtu ananiambia, mmea wangu umejaa maua, kesho yake yote yako sakafuni. Maua ya pilipili hupukutika joto la mchana likivuka nyuzi 32 hadi 35, na hupukutika zaidi usiku ukibaki juu ya nyuzi 24. Baridi nayo huyaangusha, usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi. Isogeze ndoo kidogo kutoka ukutani, ila isifike ukingoni, itandikie kitambaa chepesi cha kivuli saa za mchana mkali, na kama ndoo ni nyeusi izungushie gunia au kitu cheupe, maana ndoo nyeusi juani huichemsha mizizi iliyo ubavuni. Kisha subiri. Maua mengine yatakuja.

Ua la pilipili lina dume na jike ndani yake, linajichavusha lenyewe, lakini linahitaji kutikiswa. Roshani iliyozibwa kwa vioo haina upepo wala nyuki. Asubuhi, shika shina kwa vidole viwili ulitikise kwa sekunde chache. Inatosha.

Aina gani mpande? Pilipili zote asili yake ni mabara ya Amerika, na zinazolimwa ni za spishi tano. Kwa anayeanza, chukua aina za Capsicum annuum, kama jalapeño au cayenne. Huota ndani ya wiki moja au mbili udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30, na hazikawii kuzaa. Jamii ya habanero, wengi wetu tunaiita pilipili mbuzi, ni Capsicum chinense. Hiyo inataka subira: mbegu zinaweza kukaa mwezi mzima kabla ya kuchomoza, na baada ya kuhamisha mche utangoja miezi mitatu au minne kupata tunda bivu. Ni watu wengi wanaotupa kikopo cha mbegu hizo wiki ya tatu, wakidhani zimekufa.

Kwa chakula cha mmea, kumbukeni kwamba kila maji yanapotoka chini yanaondoka na mbolea. Kwa hiyo mpeni kidogo kidogo, mara kwa mara, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ua la kwanza likitokea, punguzeni naitrojeni na kuongeza potasiamu. Naitrojeni nyingi inawapa kichaka kizuri cha kijani kisicho na tunda. Mkiona ukoko mweupe juu ya udongo, hizo ni chumvi zimelimbikizana. Pitisheni maji mengi safi mara moja yazioshe.

Kuna tatizo moja ambalo watu hulipeleka kwenye mbolea wakati ni la maji, nalo ni kuoza kitako. Ncha ya tunda inakuwa na baka la kahawia, laini, baadaye linakauka kama ngozi. Tunda limekosa kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu imo kwenye udongo, ila haijafika. Kalsiamu husafiri na maji tu, na majani yanayavuta maji kwa nguvu kuliko tunda. Ukiuacha mmea ukauke kabisa, kisha ukaufurikisha, kisha ukaukausha tena, tunda ndilo linaloachwa nyuma. Kuponda maganda ya mayai na kuyafukia hakutaliokoa tunda la msimu huu. Yanaoza polepole mno. Rudini kwenye kunyanyua ndoo.

Wadudu nitawagusa kwa haraka. Geuzeni majani. Vidukari hukaa chini ya jani na kwenye vichipukizi, na mkiona sisimizi wanapanda shina, wanafuata utamu wa vidukari. Utitiri mwekundu hupenda joto na ukavu. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya sabuni laini ya maji kwa lita ya maji, nyunyiza jioni upande wa chini wa majani, rudia baada ya siku chache. Msinyunyize juani, majani yataungua.

Kuhusu ukali, kuna jambo dogo linalonifurahisha kila ninapopasua tunda. Wengi wanaamini ukali uko kwenye mbegu. Tazameni hili nililolikata: huu utando mweupe unaoshikilia mbegu ndio unaotengeneza kapsaisini, kemikali inayoleta ukali. Mbegu zimepakwa tu kwa kuegemea. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alianza kuipima kwa kuizimua kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasiusikie tena ukali. Kwa kipimo chake jalapeño ni kama 2,500 hadi 8,000, habanero 100,000 hadi 350,000. Mwaka 1997 maabara ya mwanasayansi wa Marekani, David Julius, iliitambua protini ya neva ambayo kapsaisini huiamsha, ileile inayotuambia tumeungua, na mwaka 2021 akashiriki Tuzo ya Nobel. Protini hiyo ya ndege haiitikii kapsaisini. Kwa hiyo ndege wakitua kwenye reli yenu, watakula mpaka washibe. Funikeni kwa wavu.

Nanyi vaeni glavu mnapovuna na kukata. Mkono ukiwaka, maji matupu hayasaidii, maana kapsaisini haiyeyuki vizuri ndani yake. Paka mafuta ya kula kwanza, kisha osha kwa sabuni. Na usiguse jicho.

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Naulaza hivi, nagonga ubavu wa ndoo, shina nimelishika chini. Umetoka. Nusu ya juu ya mizizi bado ni myeupe, imara. Hii ya chini ni ya kahawia, ukiivuta ganda linavuka kama soksi na kubakisha uzi. Inanuka. Naikata yote mpaka nifike penye weupe, kwa mkasi niliousafisha kwa spiriti. Mizizi ikipungua, majani lazima yapungue, kwa hiyo naondoa theluthi moja ya matawi na maua yote. Matunda haya matatu mabichi pia, samahani. Naupanda kwenye ndoo ndogo zaidi, lita 7, yenye mchanganyiko mpya ulio na unyevu kidogo tu. Siupi mbolea. Nitauweka kivulini kama wiki mbili, na kila asubuhi nitainyanyua ndoo. Nikiona kichipukizi kipya kwenye kifundo cha jani, nitaurudisha juani kwa saa mbili, kisha tatu.

Mama, ulitia kidole mwanzoni. Naomba uinyanyue hii sasa, na ile ya kushoto, moja baada ya nyingine, halafu wengine mfuate.