Nani Anamtuma Dukani?

Mhadhara kwa wazazi na walimu, Tabora

Wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi vijana wetu mliokaa mbele, mwangaluka.

Hili nimelisema Urambo, nimelisema Nzega, na hapa mjini mmelisikia kwangu mara nyingi. Nalirudia kwa sababu bado linaniuma. Tunawasomesha watoto wenye ulemavu mpaka kidato cha nne, kisha tunawarudisha nyumbani kukaa mkekani. Habari za shule sizielezi, mji huu unazijua shule zake za wasioona na za viziwi. Nauliza habari ya siku ile baada ya mtihani wa Novemba, sanduku limeshushwa kwenye bodaboda, mtoto kaingia ndani. Kesho yake anafanya nini?

Kuna kijana mmoja asiyeona nilimfuata nyumbani kwao. Matokeo yametoka, ana divisheni ya pili. Nikamkuta chini ya mwembe, mdogo wake wa miaka tisa anamtolea miba ya samaki. Nikamwuliza, "Mwanangu, kilo ya sukari siku hizi bei gani?" Akainamisha kichwa. "Mwalimu, mama ndiye ananunua." Kijana wa miaka kumi na tisa! Hesabu anazifanya kwa nukta nundu, maandishi ya kupapasa kwa vidole, bei ya sukari haijui. Angeijulia wapi? Mdogo wake anatumwa dukani mara nne kwa siku. Yeye hajawahi kutumwa hata kiberiti.

Basi tukaanza na pesa. Noti zetu zinapishana ukubwa, lakini kwa kiasi kidogo, na muuzaji hana subira. Tukakubaliana mikunjo: ya elfu moja haikunjwi, ya elfu mbili inakunjwa katikati, ya elfu tano inakunjwa kwa urefu, ya elfu kumi inakunjwa mara mbili na ina mfuko wake. Kisha njia. Mashine ya kusaga ikinguruma kushoto, nenda moja kwa moja. Ukisikia harufu ya maandazi, kata kulia. Siku ya kwanza ameshika fimbo nyeupe peke yake, mama yake alitufuata kwa nyuma, kaiuma kanga kwa meno asije akapiga kelele.

Wiki ya tatu akafika kwa muuza nyanya. Katoa elfu tano, nyanya za elfu moja. Akarudishiwa noti mbili, "elfu nne hiyo." Kijana hakuondoka. Akazilaza moja juu ya nyingine, akapitisha kidole ukingoni. "Mama, hizi hazilingani. Moja ni ya elfu moja." Yule mama akatazama, akaomba radhi, akambadilishia. Tulipofika barabarani kijana akaniambia, "Mwalimu, wewe pita nyuma."

Najua mtakaloniambia. Mitaro haina mifuniko, bodaboda wanapita kama upepo. Ni kweli, na halmashauri tuiambie hivyo hivyo bila kumung'unya. Lakini mitaro hiyo atakutana nayo akiwa na miaka arobaini. Wewe mama, siku hiyo utakuwa na miguu gani ya kumtangulia? Mzazi mwingine aliniambia, "Majirani watasema namtesa." Waseme! Hao majirani siku ukiugua hawatakuja kumwogesha.

Na mwenye ulemavu wa akili naye anatumwa. Kitu kimoja, duka moja, muuzaji yule yule, wiki baada ya wiki, mpaka njia imkae mwilini. Hilo lingehitaji saa nzima, na Mwenyekiti ananionesha saa.

Haya, haraka. Akifikisha miaka 18, aende NIDA kuomba kitambulisho cha taifa. Bila kitambulisho hata laini ya simu ni tabu. Selform, ile fomu ya kuchagua masomo na vyuo baada ya kidato cha nne, msimjazie, achague mwenyewe, na kama ni kiziwi awepo mtu anayejua lugha ya alama. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu; ukipeleka barua ya kazi itaje sheria hiyo, usiende kama mwombaji wa sadaka. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Ufundi je? Chuo cha Luanzari, cha ufundi kwa watu wenye ulemavu, kipo hapa hapa Tabora. Habari ya nauli na bweni tutaongea siku nyingine.

Walimu wa kidato cha tatu wako mlangoni na daftari. Mzazi, ukitoka andika jina la mtoto na kitu kimoja utakachomtuma Jumamosi hii. Kimoja tu, hata chumvi. Wewe mama wa kiti cha nyuma, nimeuona mkono wako muda mrefu, sogea huku tukusikie.