Kuchoma diski za bekapu: diski gani, programu gani, na ile trei ikifunguka USIITOE

Haya wadau, karibuni tena mezani kwangu, leo tunachoma diski, yani tunaandika nakala za akiba (bekapu) za faili zetu kwenye CD na DVD. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka, diski zama hizi? Cheka tu. Mi nazipenda, nna diski ya picha nimeichoma zamani sana na mpaka leo inafunguka, wakati flashi nilizonunua baada yake zimeshakufa tatu. Halafu kirusi kikiingia kwenye kompyuta hakiwezi kwenda kufuta kitu kilicholala ndani ya kasha kabatini. Twende.

Diski zenyewe nimezipanga hapa, subiri niinamishe taa kidogo... mnaona? Hii yenye kijani kwa mbali ni CD-R, MB 700, au dakika 80 za muziki. Hii ya zambarau ni DVD-R, GB 4.7. Na hii nyeusi-nyeusi ni BD-R, yani Blu-ray ya kuchoma, GB 25, na zipo za tabaka mbili za GB 50. Ila Blu-ray inataka draivu yake, yani kile kifaa cha kusoma na kuchoma diski, draivu ya DVD haiisomi hata uibembeleze, kwaiyo angalia kwanza unayo draivu gani ndo ununue diski, usianze na diski.

Tena hiyo 4.7. Ukiiweka kwenye Windows utaambiwa nafasi ni 4.37 na utadhani umepunjwa, hujapunjwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1024, nafasi ni ileile. Ila folda ambayo Windows inakwambia ni 4.5 haiingii, usihangaike nayo. Mi mwenyewe nikifika kama 4.2 naacha, maana ule ukingo wa nje ndo unaoshikwashikwa na vidole na mara nyingi ndo unaanza kuharibika.

DVD-R au DVD+R, kistari au kijumlisha? Huu ulikuwa ugomvi wa makampuni tu, ya kistari ilitangulia 1997, ya kijumlisha ikaja 2002, draivu za sasa zinachoma zote. Kama unataka ichezwe kwenye deki ya zamani ya sebuleni chukua kistari. Kwa bekapu chukua yoyote.

Yenye RW usichukue kwa bekapu. Najua inavutia, unafuta unarudia karibu mara 1000, lakini kitu kinachofutika iko siku kitafutwa, na mara nyingi anayekifuta ni wewe mwenyewe saa sita usiku unatafuta diski tupu. Pia uso wake unaakisi mwanga kidogo kuliko za kawaida ndo maana deki nyingi za zamani zinaigomea. Iache kwa kubeba faili za leo na kesho.

Kuna hii nyingine inaitwa M-DISC, haitumii rangi ya kemikali kama hizi za kawaida, tabaka lake ni gumu kama jiwe hivi. Waliotengeneza walisema inakaa mpaka miaka 1000. Sawa, hatutakuwepo kuwadai! Ya DVD inataka draivu iliyoandikwa M-DISC, ya Blu-ray inachomwa na draivu ya Blu-ray ya kawaida. Nnazo mbili, nimeziwekea vyeti na picha za mama.

Programu. Kwenye Windows natumia ImgBurn, ya bure, toleo lake la mwisho ni la 2013 na bado inapiga kazi. Wa Linux tumieni K3b. Wa Mac mnaweza kuchoma kutoka Finder yenyewe. Kama ni kukopi CD za muziki kuja kwenye kompyuta, hapo mi siendi mbali na Exact Audio Copy, iko taratibu mno lakini inarudia kusoma pale penye mkwaruzo mpaka iridhike. Wakati wa kuinstoli programu yoyote ya bure soma kila ukurasa, toa tiki usizozielewa, maana zinapenda kuja na abiria, programu nyingine usizoziomba. Na filamu za dukani zina kufuli, hii video haihusu hizo, tunakopi vitu vyetu wenyewe.

Windows yenyewe pia inachoma, ukiweka diski tupu inakuuliza unataka kuitumia kama flashi au kwa ajili ya deki. Ukibofya ile ya kama flashi halafu ukaipeleka kwenye mashine nyingine, usishangae ikikataa. Chagua ya pili.

Haya tuchome. Nafungua programu, nachagua kuandika faili na folda, navuta folda yangu, naipa jina, mwaka na mwezi, basi hiyo haina maneno. Kama unachochoma ni faili la ISO, yani imeji, nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, hapo unachagua kuandika imeji, sio kuandika faili. Niliwahi kuliburuta ISO kama faili, nikapata diski nzuri kabisa yenye faili moja tu ndani na kompyuta haikuwaka nayo, nikailaumu kompyuta wiki nzima masikini wa Mungu.

Spidi. Diski imeandikwa 16x, mi nachoma 8x. Usiende 16 na usijifanye mnyenyekevu ukaenda 1x, diski za siku hizi hazikutengenezwa kwa spidi ya kobe. 1x ya DVD ni kama MB 1.4 kwa sekunde, kwaiyo 8x ni MB 11 hivi, diski iliyojaa inachukua dakika saba nane. Wakati inachoma usiiguse laptopu, usiisogeze, usiweke kikombe juu.

Sasa nisikilizeni hapa. Hakikisha kile kiboksi cha Verify kina tiki, ndo kinachoiambia programu ihakiki ilichoandika. Na ikimaliza kuandika, trei itafunguka. Itafunguka yenyewe! HAIJAMALIZA, inataka kurudi ndani isome diski na kuhakiki. Kwenye draivu kubwa ya mezani trei inatoka na kurudi ndani yenyewe, lakini draivu nyembamba ya laptopu haina uwezo wa kujirudisha, inatoka inabaki imekaa hivyo inakusubiri uisukume kwa mkono. Mi nilivyoona imetoka nikasema asante, nikachukua diski nikaiweka kwenye kasha, nikafuta video zote kwenye memori kadi. Video za mwanangu anaanza kutembea zilikuwemo humo. Kuja kufungua diski baada ya miezi, faili la kwanza sawa, la pili sawa, la tatu draivu inakoroma tu. Kwaiyo narudia, trei ikitoka, sukuma irudi. Usiitoe diski. Sukuma.

(...)

Imetoka hiyo, mmesikia klik? Ngoja niwaonyeshe kitu kizuri, naishika kwa kingo hivi, mnaona ule mduara uliobadilika rangi kuanzia katikati? Huo ndo uliochomwa, diski inaandikwa kutoka ndani kwenda nje, huku nje pamebaki pamekaa kama palivyokuwa. Naipenda sana hii. Haya narudisha, nasukuma, inahakiki.

Asilimia 40... 60... Ohoo. Mmesikia ule mlio umebadilika? Inapunguza spidi. Hapana jamani. Imegoma, 71. Imeleta ujumbe mwekundu.

Subiri nisizime kamera, bora muone. Naitoa. Naiweka chini ya taa. Haya, cheka, cheka kabisa: kidole. Dole gumba langu hili hapa, limechorwa pembeni kama la kituo cha kupigia kura, nimeliweka nilipokuwa nawaonyesha ule mduara. Nimetoka kuwaambia usiitoe halafu mi nimeitoa.

Kitambaa laini, kikavu, unafuta kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka. Usizungushe kama unaosha sahani, maana mkwaruzo unaofuata mduara ndo mbaya zaidi, unakula data mfululizo. Sichomi upya, kwenye ImgBurn kuna kuhakiki peke yake, naichagua hiyo, inaisoma diski yote upya... hii nitaikata muda usije kwenda. Imepita. 100. Haya nimepumua.

Jina naandika kwa kalamu ya wino laini, sio bolpeni. Kwenye CD hasa, watu wanalinda uso wa chini wakati data imekaa karibu na uso wa juu, chini ya vanishi tu, ukikandamiza na bolpeni umekwisha. DVD data iko katikati, imefunikwa pande zote. Blu-ray iko karibu kabisa na uso wa chini, milimita 0.1, ila wameipaka kitu kigumu juu. Stika za karatasi sitaki kuziona, zinafanya diski iyumbe ikizunguka. Halafu kasha, lisimame kama kitabu, mbali na jua.

Kabla ya kufuta chochote naenda kuifungua kwenye laptopu ya pili, faili tatu nne, mojawapo lile la mwisho kabisa maana ndo liko nje. Inafunguka, hiyo... na hiyo... sawa. Na bado sifuti, nachoma ya pili kwenye diski ya kampuni tofauti, hiyo inaenda kukaa nyumba nyingine. Kama boksi moja lilikuwa bovu kutoka kiwandani, basi sio zote.

Ya pili hiyo inaingia sasa, 8x ileile, tiki ipo. Na trei ikifunguka safari hii hamtaonyeshwa kitu, nasukuma.